Viatu Vilivyolia

Ijumaa baba alininunulia viatu,
vyeusi, vya vifungo, dukani kwa Kjelland,
dola mbili na senti arobaini.
Jumanne benki ikafa.

Haikuwa benki ya kutisha.
Chumba kimoja cha matofali kati ya kinyozi na ghala la ngano,
dirisha lenye nondo za shaba
nilizozisugua kila Jumamosi kwa siki na chumvi,
sefu iliyozidi ukubwa wa zizi la ndama wetu,
na baba, Osmund Tveit, karani mkuu na karani pekee,
mwenye mwandiko ambao hata mchungaji
aliuazima kwa vyeti vya ubatizo.

Akiba haiozi, walisema watu wa Nordhaug,
wakaleta za mayai, za siagi,
za fahali aliyepigwa radi.
Gudrun Ellefsen alileta zake ndani ya soksi,
akazihesabu mara mbili,
soksi akarudi nayo.

Kisha vita vya Ulaya vikaisha, bei ya ngano ikashuka
kama mtu aliyekosea ngazi gizani.
Waliokopa kununua shamba la pili
wakashindwa kulipia hata mbegu za lile la kwanza.
Hayo niliyajua ukubwani. Wakati ule nilijua tu
kwamba kijiko cha baba kiliendelea kuchota
sahani ilipokwisha kuwa tupu.

Jumatatu foleni ilifika kwa mhunzi.
Hakuna aliyepaza sauti. Wanorwei wa Dakota hawapazi sauti;
walitazama visigino vya aliye mbele,
theluji ikiwatua mabegani, hawaipangusi.
Baba alilipa. Alilipa polepole,
noti za dola moja moja,
akilamba kidole, akizigeuza nyuso zielekee upande mmoja,
akihesabu tena toka mwanzo,
hata saa ya ukutani ikagonga tisa
akiwa amehudumia watu kumi na wanane.
"Osmund," alisema Torvald Brekke, "mate yamekukauka?"
Hiyo ndiyo hasira yote niliyoisikia siku hiyo.

Usiku akavua kola, akauliza kama kuku wamefungiwa.
Mama akasema: "Na zetu?"
Mia tatu na kumi na mbili. Zilizovuka bahari na bibi,
za meno ya mama, za jiwe la kaburi la mdogo wangu.
"Zetu," baba akasema, "ziko mwisho wa foleni."

Asubuhi karatasi mlangoni, gundi ingali mbichi,
mwandiko ule ule.
Nadhani hata waliofilisika
waliona jinsi herufi zilivyosimama wima.
Akiba haiozi. Kweli, haikuoza.
Ilitoweka ikiwa nzima.

Jumapili tulichelewa kanisani
na viatu vyangu vikalia.
Kwii. Kwii. Toka mlangoni hadi benchi la nne,
na vichwa vikageuka kimoja kimoja,
macho yakashuka toka usoni pangu hadi miguuni,
yakabaki huko.
Vililipiwa Ijumaa, nilitaka kusema. Ijumaa!
Nani angeuliza tarehe?

Ngozi mpya hulia mpaka ilainike, ndivyo wasemavyo.
Vyangu vililia majira yote ya baridi.
Nikaviloweka. Nikavipaka mafuta ya nguruwe.
Nikatembea kwa ncha za vidole kama mwizi,
na hilo halikusaidia jina letu.

Mwezi wa nne, theluji ikiwa madoa madoa,
nikavificha chini ya ngazi za ghala
nikashika njia ya shule pekupeku.
Gudrun Ellefsen alikuwa langoni kwake na ndoo.
Alinitazama miguu, ilivyokuwa myekundu.
"Rudi ukavae, Ragna," akasema.
"Vidole vyako vikiganda, mimi sirudishiwi kitu."

Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa msamaha
au hesabu tu.
Nilirudi, nikavaa.
Vililia mpaka shuleni.